Nimeahidi kumficha binti wa kaka yangu, na sasa ninahofia maisha yake

Ndugu Mhariri,

Nimetoa ahadi ambayo sasa ninaiogopa, nami naomba ushauri wa wasomaji kabla sijaamua kuivunja. Miezi miwili iliyopita kaka yangu alinikabidhi binti yake wa miaka 16, mjamzito, akanisihi nimfiche nyumbani kwangu hadi atakapojifungua, ili jamaa wasijue. Nilikubali kwa kumhurumia binti na, nakiri, kwa kumwogopa kaka, kwani katika ukoo wetu neno lake halipingwi.

Kumficha kumekuwa sawa na kumnyima kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonwe na mhudumu wa afya angalau mara 8, ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Binti huyu alifika kwangu akiwa na wiki 20, hajapimwa hata wingi wa damu, nami nikakaa naye wiki nyingine 7 bila kumpeleka popote. Kosa hilo ni langu. Juma lililopita alilalamika kwamba kichwa kinamuuma na viatu havimwingii, nikampeleka kwa siri. Presha yake ilikuwa juu, 140 kwa 90. Mkunga alinieleza kwamba wasichana wa umri huu wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifafa cha mimba, na kwamba akiumwa sana kichwa, akiona ukungu machoni au akivimba uso na mikono, nisingoje kupambazuke. Alitaja pia upungufu wa damu, mtoto kuzaliwa njiti, na uchungu wa muda mrefu unaotokana na nyonga ambazo hazijakomaa, ambao huweza kumwachia mama fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au haja kubwa. Ametaka turudi kila juma, na binti ajifungulie hospitali yenye uwezo wa kufanya upasuaji.

Nilipomgusia kaka habari za kliniki kwa simu, alijibu kwamba mama zetu walizaa wakiwa na umri huohuo na hawakufa. Hakumtaja shangazi yetu, aliyefariki katika uzazi wake wa kwanza, nami sikuthubutu kumkumbusha.

Kaka amepanga kumwoza binti kwa kijana aliyempa mimba mara atakapojifungua. Binti hataki, anataka kurudi shuleni, na madaftari yake alikuja nayo. Siku hizi amekuwa mnyamavu, halali vizuri, na usiku mmoja aliniuliza kama akifa yeye aibu ya baba yake itakwisha. Nimemweleza mkunga maneno hayo, naye ameahidi kumkutanisha na mshauri, lakini tangu hapo mimi mwenyewe silali, naamka kila mara kusikiliza kama anapumua.

Naomba mniambie, nimweleze kaka ukweli sasa, au niendelee kumpeleka binti kliniki kimyakimya hadi mtoto azaliwe? Nikimweleza, naogopa atamchukua na kumpeleka nisikokujua. Nisipomweleza, na ikatokea dharura hospitali wakahitaji idhini ya mzazi, nitasema nini? Na kuhusu ndoa, ni mzee gani wa ukoo anayefaa kutangulia kuzungumza na kaka, ikiwa mke wa kaka yuko upande wangu lakini hathubutu kufungua kinywa? Tunatakiwa kliniki Jumatatu ijayo.

Ni mimi,
Shangazi mwenye wasiwasi