Jua linawaka, mbona boti haitoki?

“Kijana, mimi nimezaliwa Makunduchi. Wewe wa Tanga utanifundisha bahari?”

Mzee aliyeniambia hivyo alikuwa amesimama kwenye bandari ndogo ya Seahouses, jua liko utosini, hakuna hata upepo wa kupeperusha mtandio wa mkewe, na mimi ndiyo kwanza nimemwambia kwamba boti ya visiwa vya Farne leo haitoki. Familia nzima ilikuwa njiani kutoka Leicester tangu usiku. Wajukuu walishavaa maboya ya kifuani. Hasira zake nilizielewa, na sikuwa na shaka kwamba bahari anaijua. Ila anaijua ile ya kwetu.

Kwa wasiotufahamu: sisi ni watu wawili, mimi na mke wangu, na basi dogo moja. Tunawachukua Waswahili wanaoishi Uingereza tukawatembeza pwani ya Northumberland, kule kaskazini mashariki karibu na mpaka wa Uskoti. Malalamiko tunayopata ni yale yale kila mwaka. Mbona mmetuamsha alfajiri? Mbona mmeahirisha na hali ya hewa ni nzuri? Mbona tumekaa kisiwani saa moja tu? Nimeyajibu kwa simu mpaka sauti imekauka, kwa hiyo leo nayaandika.

Nianze na siku ile ya mzee wetu.

Kwetu upepo una msimu. Kaskazi ikiingia mwisho wa mwaka unajua utakaa nayo miezi, kusi ikishika unajua imeshika, na nahodha akikwambia tunatweka kesho, basi ni kesho. Huku upepo hauna ahadi na mtu. Mifumo ya mgandamizo mdogo wa hewa hutoka Atlantiki mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja huja na upepo wake. Asubuhi unatoka kusini magharibi, alasiri umeshageuka.

Ndiyo maana nikifungua utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, wa maji ya karibu na pwani, ile sehemu ya kuanzia Berwick-upon-Tweed hadi Whitby, sianzi na nguvu ya upepo. Naangalia unatoka wapi. Upepo wa kusini magharibi wa nguvu ya 5, yaani maili za baharini 17 hadi 21 kwa saa, utakuvua kofia pale bandarini, lakini unatoka nchi kavu, na mawimbi hayapati nafasi ya kukua kabla hujafika visiwani. Boti zinakwenda. Upepo wa kaskazini ni jambo jingine kabisa. Kati ya Uskoti na Norwe mlango uko wazi mpaka kwenye maji ya Aktiki. Ukivuma huko siku mbili mfululizo, hata kwa nguvu ya kawaida, unasukuma mawimbi yanayoendelea na safari baada ya upepo wenyewe kufa. Yanafika Seahouses siku ya tatu. Mara nyingi siku ya tatu ni ya jua.

Kaskazi yetu sisi ilileta majahazi na tende. Ya huku inaleta hayo.

Mawimbi ya namna hiyo ukiwa nchi kavu huyaoni vizuri. Ni marefu, hayana povu, yanapita polepole kama mgongo wa ng'ombe chini ya shuka. Yanajidhihirisha yakikutana na mwamba. Nilimpa mzee darubini akatazama mawe ya Farne, maji meupe yanapanda na kumwagika, yanapanda na kumwagika. Boti kufika ingefika. Taabu ni kumshusha bibi mwenye fimbo kwenye gati ya mawe wakati boti inapanda na kushuka chini ya miguu yake. Hakuna nahodha wa pale atakayekubali, na mimi simlazimishi.

Mzee alitazama muda mrefu. Kisha akarudisha darubini. “Kwetu wimbi linavunjikia mwambani,” akasema. “Huku ndani linafika limechoka.”

Ni kweli tupu. Makunduchi, Jambiani, Paje, pwani yote ile ya mashariki ya Unguja imekingwa na tumbawe. Northumberland haina ukuta wa namna hiyo.

Siku kama hizo tunawapeleka wageni Bamburgh, kuna makumbusho ya Grace Darling. Huyu alikuwa binti wa mlinzi wa mnara wa taa wa Longstone, huko huko Farne. Tarehe 7 Septemba 1838 meli ya mvuke Forfarshire, iliyokuwa ikitoka Hull kwenda Dundee, iliharibikiwa injini, ikasukumwa na dhoruba ya kaskazini mpaka ikapasukia mwambani. Grace, umri wake miaka 22, na baba yake wakatoka na mashua ya makasia, na watu tisa wakaokolewa kwenye jiwe lile. Wajukuu wa mzee waliipenda hadithi hiyo kuliko ndege tuliokuwa tumewaahidi.

Kuna pia ukungu. Majira ya kuchipua na ya joto, hewa yenye unyevu ikipita juu ya bahari hii baridi huganda ikawa ukungu mzito, na upepo wa mashariki unausukuma pwani. Wenyeji wanauita fret. Unaondoka Newcastle umevaa shati, unafika ufukweni huoni ngome ya Bamburgh, ambayo si kitu kidogo. Ukungu huo sina dawa yake. Wakati mwingine unaondoka kwa nusu saa, wakati mwingine unakaa kutwa.

Idi na bamvua

Sasa kisiwa cha Lindisfarne, ambacho ndicho kinacholeta simu nyingi.

Lindisfarne ni kisiwa nusu ya muda. Kuna barabara ya lami, iliyofunguliwa mwaka 1954, inayopita juu ya mchanga kutoka bara. Mara mbili kila siku bahari inaifunika, na kila inapofunika kisiwa kinakatika kwa takribani saa tano. Hakuna geti wala askari wa kukuzuia. Kuna jedwali la saa salama za kuvuka linalotolewa na halmashauri ya Northumberland, na kuna picha kubwa ya gari lililozama, imewekwa hapo kama onyo. Na bado kila mwaka kuna watu wanaookolewa kwenye kibanda cheupe kilichojengwa juu ya miguu mirefu kando ya daraja, wanatazama gari lao likimezwa.

Wanaponaswa si kwamba wimbi limewakimbilia. Maji yanaingia kwa vijito, kwa pembeni, kimya kimya. Dereva anaona mbele kukavu, anakwenda, kisha anafika sehemu ya chini karibu na daraja anakuta maji, anasema si mengi. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanatosha kulielekeza gari dogo yanakotaka yenyewe.

Jedwali hilo linabadilika kila siku kwa sababu kujaa na kupwa kunachelewa takribani dakika 50 kwa siku, kama ilivyo Tanga, kama ilivyo Lamu. Maji yanafuata mwezi. Bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, inakuja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, yanakuja katikati. Pwani hii ya Northumberland, wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita 4. Maji mafu ni kama mita 2 tu. Mama yeyote aliyewahi kushuka pwani kutafuta pweza anajua hesabu hii bila jedwali.

Lakini kuna jambo nililichelewa kulitambua, na ninaona wateja wetu wengi hawajaliunganisha. Idi ya Mfunguo Mosi ni siku ya kwanza ya mwezi. Basi kila mwaka inaangukia bamvua! Na katika pwani hii bamvua ina saa zake: maji yanajaa kabisa alasiri, kwa hiyo barabara ya Lindisfarne hufungwa kuanzia baada ya adhuhuri hadi jioni. Ndiyo maana safari ya Idi lazima muondoke Leeds gizani. Mkitaka kuswali kwanza, mkasalimiane, mle biriani, ndipo mje, mtakuta bahari. Idi ya Mfunguo Tatu ni tarehe 10, karibu na maji mafu, na hapo mambo yanageuka: kwa kawaida barabara hufungwa asubuhi na kufunguka mchana. Hiyo ndiyo Idi ya kuja na familia kubwa na masufuria.

Idi ya 2025 ilitutoa jasho zaidi. Bamvua za karibu na mwisho wa Machi, siku ambazo usiku na mchana vinakaribia kulingana, huwa kubwa kuliko nyingine. Juu ya hilo, usiku wa kuamkia tarehe 30 Machi ndio Uingereza ilisogeza saa mbele. Wengine waliswali Idi siku hiyo, wengine kesho yake, na kila kundi lilikuwa na saa yake kichwani. Jedwali la halmashauri la kuvukia limeshahesabu mabadiliko hayo, lakini vitabu vingi vya maji kujaa na kupwa vinaandikwa kwa saa ya Greenwich mwaka mzima. Majira ya joto lazima uongeze saa moja mwenyewe.

Saa tatu ya nani?

Kosa letu kubwa lilikuwa letu wenyewe, na nalisema ili lisirudiwe. Mwaka wetu wa kwanza kijana mmoja kutoka Manchester alitufuata kwa gari lake. Nilimwandikia ujumbe: “Utoke kisiwani kabla ya saa 3:10.” Mimi kichwani nilikuwa natafsiri jedwali la Kiingereza, 15:10. Yeye ni Mswahili wa kawaida, akasoma saa tatu na dakika kumi usiku. Akaona muda upo tele, akaenda kutembea magofu ya nyumba ya watawa iliyoko kisiwani. Tulimngoja upande wa bara mpaka maji yakapita katikati yetu. Hakudhurika, maana kisiwani palikuwa salama, ila barabara ilifunguka saa mbili na nusu usiku na nyumbani alifika usiku wa manane. Alikuwa na haki kabisa ya kunilaumu.

Tangu siku hiyo ujumbe wetu unaandikwa hivi: 15:10, saa tisa na dakika kumi alasiri. Yote mawili, kila mara. Na sisi tunatoka saa moja nzima kabla ya muda wa mwisho wa jedwali. Wateja wengine wanaona ni woga. Jedwali limepigwa kwa hesabu ya jua na mwezi. Habari za hewa halina. Mgandamizo wa hewa ukishuka milibari moja, bahari inapanda karibu sentimita moja, kwa hiyo dhoruba ya kweli inaweza kuongeza sentimita 30 kabla upepo haujaongeza zake. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 dhoruba ya kaskazini ilikutana na bamvua katika bahari hii hii, ikaua watu 307 Uingereza na zaidi ya 1,800 Uholanzi. Utabiri ukitaja upepo mkali wa kutoka baharini, sisi Lindisfarne hatuendi, hata kama jedwali linasema njia ni salama.

Kuhusu baridi nitasema kwa ufupi, maana hamsikii mpaka mfike. Maji ya huku mwezi Agosti, wakati wa joto lake kubwa, ni nyuzi 13 au 14. Machi ni 5 au 6. Mtu akitumbukia, mwili unashtuka, anahema bila kujizuia, na hapo ndipo wengi wanameza maji, hata waogeleaji wazuri. Waokoaji wa RNLI, shirika la uokoaji baharini, wanafundisha kulala chali, kuelea na kutulia mpaka pumzi irudi. Huchukua sekunde 60 hadi 90. Ukimwona mtu majini usimrukie, piga 999 uombe Coastguard, yaani kikosi cha walinzi wa pwani. Mtoto kuchezea maji ufukweni si tatizo, lakini awe kwenye maji ya magotini na mkono wako uwe karibu.

Nguo: vaa tabaka nyingi nyembamba kuliko koti moja zito, na juu kabisa kitu kisichopitisha upepo. Kofia ni lazima Mei hadi Julai, na hapo sisemi baridi. Ndege waitwao buabua wa Aktiki wanataga kando kabisa ya njia ya kisiwa cha Inner Farne na wanadonoa vichwa vya wapita njia. Mke wangu huwapa akina mama ushauri wa kukunja khanga juu ya mtandio. Pafini, wale ndege weusi kwa weupe wenye mdomo wa rangi, ni Aprili hadi Julai. Watoto wa sili, weupe kama pamba, ni kuanzia Oktoba mpaka Desemba, ila Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo siku ni fupi mno.

Pesa sasa. Nahodha akizuia boti, nauli ya boti tunairudisha yote. Ya basi haturudishi tukishaondoka, maana dizeli imeshaungua, lakini tutawapeleka Bamburgh au Lindisfarne kama barabara iko wazi. Tukiahirisha sisi kabla ya kuondoka, mnachagua: tarehe nyingine au pesa yenu. Uamuzi tunaufanya usiku wa kuamkia safari, baada ya kusoma utabiri wa jioni, na mimi mwenyewe ndiye ninayepiga simu, kati ya saa moja na saa tatu usiku. Saa za Kiswahili.

Mzee wa Makunduchi alirudi Juni. Safari hii alinipigia yeye, siku mbili kabla, akaniuliza kabla hata ya salamu: “Upepo unatoka wapi?”