Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kocha Anaachia Filimbi

Wanachama wenzangu habari zenu. Mambo ya pesa mweka hazina ataongea, mimi nataka niongee kuhusu Kocha manake hiyo ndio habari kubwa ya mwaka, ameamua kuachia ukocha wa timu yetu ya magongo (hoki) msimu huu ukiisha na safari hii hatanii.

Kwa wale wapya, huyu mama ameshika stiki tangu shule ya upili, enzi za kiwanja cha murram ambapo mpira ukigonga kokoto unakuja moja kwa moja kwa meno. Alicheza winga, akajifungua, akarudi, mbio zilipopungua akashuka nyuma kuwa beki, halafu akaanza kufundisha watoto wetu na nauli anajitolea mfukoni, jambo ambalo kusema ukweli sisi kama chama tulilizoea vibaya. Alianza ofsaidi ikiwa bado iko, akaiona ikitolewa miaka ya 1990, na 2009 walipoleta ile sheria ya kujianzishia mwenyewe frii hiti (mpigo wa bure baada ya faulo) bila kumpasia mwenzako kwanza, yeye ndio alituamsha, sisi wengine bado tulikuwa tunasimama kungoja pasi.

Stori yake ya Moscow 1980 mnaijua, ndio mara ya kwanza magongo ya wanawake kuingia Olimpiki, nchi nyingi zikasusia, Kenya ikiwemo, Zimbabwe iliyokuwa imetoka tu kupata uhuru Aprili ikaitwa dakika za mwisho na ikabeba dhahabu, mechi ya mwisho ikaipiga Austria 4-1. Kocha hafichi kwamba timu yote ilikuwa ya wazungu, lakini yeye anachopenda ni kwamba wale wanawake hawakuwa wamezoea nyasi bandia hata kidogo, kwa hivyo mtoto wa murram akifika kwenye nyasi bandia za City Park, Nairobi, akaanza kuogopa uwanja anaambiwa hiyo stori hadi aombe msamaha, hehe.

Mwaka huu tulipata msichana mmoja wa mkono wa kushoto, akauliza kama kuna stiki ya mashoto. Haipo, sheria hairuhusu, na upande wa mgongo wa stiki, ule wa mviringo, huruhusiwi kugusa mpira, kwa hivyo mpira wa kushoto unaugeuzia stiki. Kocha hakumbadilisha mikono kwa makelele, alimpigisha magoti, akamshikisha stiki ncha ikiangalia chini, akawa anamviringishia mpira polepole upande wa kushoto, jioni baada ya jioni. Leo mabeki wakimkaba huko kushoto wakidhani wamemweza, ndio anawapita.

Sasa nani atachukua? Wachezaji wawili wakubwa wamekubali kugawana mazoezi na Kocha amesema atakuja Jumamosi kukaa benchi (tutaona kama atakaa kweli), ila nauli yao italipwa na chama, kamati tumeshapitisha. Halafu kipa wetu bado anavaa pedi zimefungwa kamba za viatu, tafadhali mchango uingie kabla ligi haijaanza, na mpeleke kwa mweka hazina, sio kwangu.