Wananiita mwenye maringo

Shangazi, shikamoo.

Ninakuandikia saa tisa usiku, taa za wavuvi wa dagaa zikiwa bado zinawaka ziwani, kwa sababu neno alilolitamka dada yangu jana mbele ya wajomba, kwamba nina maringo, limeninyima usingizi. Mwenye maringo hapitilizwi na daladala kutoka Kirumba hadi Pasiansi kwa kushindwa kusema "shusha". Mimi hunitokea, kisha hurudi kwa miguu, shati limelowa jasho.

Unajua misiba yetu inavyokwenda. Baba alipofariki, mimi ndiye niliyepaswa kusoma wasifu wa marehemu. Niliuandika mwenyewe, na waliousikia waliusifu, lakini nilipoitwa mikono ilitetemeka, moyo ukaenda mbio, sauti ikakauka, nikamkabidhi binamu yangu karatasi na kwenda kusimama nyuma ya masufuria ya wapishi. Tangu siku hiyo ni maringo tu. Mchango wa sherehe ya kumuaga mdogo wetu nilikuwa wa kwanza kuutoa, tena shilingi 300,000, na hilo hawalisemi.

Mwaka jana nilikataa usimamizi wa ghala la dagaa ninakofanya kazi pale Mwaloni, kwa kuwa msimamizi hupatana bei na wateja hadharani; nikabaki na daftari langu na mshahara uleule. Hayo nayo ni maringo?

Sitaki mialiko yao, waniache. Ila walipokaa kikao cha kwanza bila kuniita, nililia.

Muuguzi ninayesali naye anasema hii si haya ya kawaida, bali ni ugonjwa wa hofu ya kuwa mbele ya watu, ambao mara nyingi huanza ujanani (wangu ulianza kidato cha pili) na hutibiwa kwa ushauri nasaha, pengine pamoja na dawa. Anataka niende Bugando, kwa madaktari wa afya ya akili. Nikionekana kwenye benchi lile wataacha kusema maringo, watasema nimechanganyikiwa, na sijui lipi ni afadhali.

Sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mama amenipa kazi ya kutambulisha ukoo. Sijamjibu. Je, nimweleze dada ukweli kwanza, au niende hospitali kimya kimya? Na nikienda, wakiniuliza dirishani shida yangu ni nini, foleni nzima ikisikiliza, nitajibuje?

Msomaji wako,
Mabatini, Mwanza