Barua ya wazi kwa shemeji: nani apasue goti la Simba

Shemeji,

Umeambiwa kano ya ndani ya goti la mbwa wako Simba imekatika na ni lazima apasuliwe. Majirani wamekupa majina matatu ya madaktari, na sasa unauliza umpeleke kwa yupi. Nakujibu hadharani kwa sababu Nairobi imejaa Rottweiler, Labrador na Boerboel, na mbwa wazito ndio wanaosumbuliwa sana na goti hili.

Kwanza hakikisha ni goti kweli. Mjini kwetu kupe ni wengi, na homa ya kupe inaweza kuvimbisha viungo hata mbwa akachechemea, leo mguu huu, kesho ule. Daktari makini atampima Simba damu kabla ya kutaja kisu. Kipimo hicho kina faida ya pili: homa ya kupe hupunguza chembe sahani zinazogandisha damu, na mbwa wa hivyo akipasuliwa anaweza kuvuja damu kupita kiasi. Kisha mkono ufuate. Daktari hushika paja kwa mkono mmoja, akashika muundi kwa mwingine na kuusukuma mbele. Kano ikiwa nzima muundi hautoki mahali pake. Ikiwa imekatika, unateleza mbele kama mtoto wa meza. Mbwa wa kilo 40 mwenye misuli akikaza mguu kwa woga, muundi hautasogea hata kama kano imekatika, kwa hiyo apewe dawa ya kumtuliza kwanza. Anayeamua upasuaji kwa kutazama video uliyomtumia kwa WhatsApp, mtoe kwenye orodha.

Jua pia kwamba kano hii kwa kawaida haikatiki kwa kuruka ukuta siku moja. Huchakaa taratibu kwa miezi, nyuzi moja moja, na karibu nusu ya mbwa hatimaye hukatika na ya goti la pili. Unachagua mtu ambaye huenda ukarudi kwake.

Sasa aina ya upasuaji. Kuna ule wa uzi, ambapo nailoni nene hufungwa nje ya kiungo kushika goti hadi kovu gumu lijijenge. Kwa mbwa mdogo unafaa sana. Kwa mbwa mzito uzi hulegea au hukatika kabla kovu halijakomaa. Na kuna TPLO, iliyobuniwa na Barclay Slocum wa Marekani na kuchapishwa 1993: kichwa cha muundi hukatwa kwa msumeno wa duara na kuzungushwa, mteremko wake ukashuka kutoka pembe ya nyuzi 25 hivi hadi kama 5, kisha kikafungwa kwa pleti ya chuma na skrubu. Mbwa akikanyaga, muundi hauna tena mteremko wa kuusukuma mbele, kwa hiyo goti linafanya kazi bila ile kano. Kwa uzito wa Simba, TPLO ndiyo ningeitaka. Lakini mkono hutangulia mbinu. Uzi uliofungwa na mtu anayeufunga kila mwezi ni bora kuliko TPLO ya mtu anayejifunza kwa mguu wa mbwa wako.

Kwa hiyo muulize kila mmoja bila haya: umefanya TPLO ngapi mwaka uliopita? Ngapi zilirudi, na kwa sababu gani? Anayesema hakuna iliyowahi kurudi, ama amefanya chache mno ama hawafuatilii wagonjwa wake. Mwenye uzoefu atakutajia mwenyewe usaha, skrubu zilizolegea, na kile kibonge cha mfupa chini ya pia ya goti kinachoweza kuvunjika, tena atakueleza alivyotibu kila kimoja.

Swali la gegedu usiliache. Ndani ya goti kuna vipande viwili vya gegedu, na cha upande wa ndani mara nyingi huchanika kano ikikatika. Daktari asipofungua kiungo au kuingiza kamera kukikagua, anaweza kufunga pleti safi kabisa na Simba akaendelea kuchechemea kwa maumivu ya kipande kilichoachwa kimechanika.

Uliza kuhusu vifaa pia, hata ukionekana msumbufu. Pleti na skrubu zinasafishwa kwa mvuke wa otoklevu, au zinalowekwa tu kwenye dawa? Kulowekwa hakutoshi kwa chuma kitakachobaki mwilini. Mbwa wa kilo 40 kwa kawaida huhitaji pleti ya skrubu za milimita 3.5, je, saizi hiyo ipo, pamoja na ya juu na ya chini yake, siku ya upasuaji? Msumeno unamwagiwa maji ya chumvi ukikata? Usipopozwa, joto huua mfupa na kuunga kunachelewa. Picha za eksirei kabla ya upasuaji zionyeshe goti na kifundo vyote viwili, vimekunjwa kwa pembe ya nyuzi 90, maana bila hivyo mteremko haupimiki sawasawa. Nyingine ipigwe kabla Simba hajaamka.

Kwenye nusu kaputi taka kusikia haya: mpira kwenye koo, oksijeni, dripu, mashine ya kupima mapigo na hewa, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumwangalia mbwa tu. Antibiotiki ya mshipani iingie dakika 30 hadi 60 kabla ya kukata. Stima ikipotea, jenereta inawaka yenyewe?

Wakati mwingine kliniki humwita mpasuaji wa nje aje siku moja. Si vibaya. Ila ujue kabla ya kulipa nani atampokea Simba kidonda kikianza kutoa maji usiku wa tatu, mpasuaji akiwa ameshaondoka. Jina na simu ya mtu huyo viwe kwenye karatasi moja na gharama, na gharama zitaje picha za baadaye na matibabu ya usaha.

Nambari ya usajili omba, kisha iulizie kwa Kenya Veterinary Board. Sheria ya madaktari wa mifugo ya 2011 inamtaka daktari awe amesajiliwa na Bodi hiyo, na msaidizi mwenye cheti au diploma si mtu wa kukata mfupa. Ukikwama, kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete ni mahali pazuri pa kupata maoni ya pili.

Kabla ya siku yenyewe, mpunguzie ugali. Kila kilo anayobeba bure inakaa juu ya pleti. Usimpe ibuprofen wala diclofenac za duka la dawa. Zinaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo.

Akirudi nyumbani, wiki 8 hakuna kulinda. Mwambie askari wazi, kwa sababu mbwa akifunguliwa usiku na kukimbilia geti, mfupa unavunjika. Alale chumba kidogo, vigae vitandikwe mkeka, kola ya plastiki isivuliwe hadi nyuzi zitolewe siku ya 10 hadi 14. Atembee kwa kamba tu, dakika 5 mara tatu kwa siku, ukiongeza dakika 5 kila wiki daktari akiridhika. Picha ya wiki ya 8 ndiyo itakayosema kama mfupa umeunga.

Ndani ya wiki mbili aanze kukanyaga, hata kwa ncha ya vidole. Akishaanza kukanyaga kisha ghafla akauinua tena mguu, hiyo ni skrubu, usaha au gegedu. Mpigie daktari siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.