Somo yangu, pima chumvi kwanza

Raskazone, Tanga

Somo yangu mpendwa,

Salaamu alaikum. Ujumbe wako umenifika, na hapa nyumbani hatujambo sote. Mama anakusalimia sana, anauliza utakuja lini tukupikie samaki wa kupaka.

Nimevisoma mara tatu vipimo vya maji ya tangi lako la matumbawe: magnesiamu miligramu 1,150 kwa lita, kalsiamu 370, na alkali (yaani kabonati iliyomo majini) digrii 6.2. Unasema umeshanunua kilo 2 za magnesiamu kloraidi na unataka kuanza kuzitia Ijumaa. Nakuomba, lifunike hilo kopo ulirudishe kabatini. Usitie hata kijiko kimoja kabla hujaimaliza barua hii.

Kuna kipimo kimoja hukuniandikia, nacho ndicho ninachokitaka kuliko vyote: maji yako yamekolea chumvi kiasi gani?

Nakueleza kwa nini nauliza. Maji ya bahari yenye gramu 35 za chumvi katika kila kilo huwa na magnesiamu karibu miligramu 1,300 kwa lita, na kalsiamu karibu 420. Sasa chukua kalamu. Gawanya 1,150 yako kwa 1,300, kisha gawanya 370 kwa 420. Majibu yote mawili yanakaribia 0.88. Hata alkali, ambayo katika maji ya bahari huwa karibu 7, kwako imepungua kwa kadiri hiyohiyo. Magnesiamu ingekuwa imepungua peke yake, hizo nyingine zisingeteremka nayo sambamba namna hiyo. Nikizidisha 35 kwa 0.88 napata 31 kasoro kidogo, na ninavyoamini mimi, chumvi ya tangi lako iko hapohapo. Hukosi magnesiamu, somo. Maji yenyewe ni mepesi.

Tena nadhani najua yalikopungukia chumvi. Uliniambia uliyateka ufukweni hapo Bagamoyo masika yalipokuwa yamepamba moto. Mto Ruvu unamwaga maji yake baharini kaskazini yenu hapo, na mvua zikishika, maji baridi ya mto yanaelea juu ya yale ya chumvi. Ukichota kwa ndoo ukingoni unachota hayohayo ya juu. Sisi huku tuna mito ya Mkulumuzi na Sigi inayoingia ghubani, na mimi siku hizi sichoti ufukweni kabisa. Namngoja mwenye ngalawa anayetoka nje ya ghuba, wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, aniletee madumu manne. Hata hayo nayapima kabla hayajagusa tangi.

Basi fanya hivi. Kwanza sahihisha rifraktomita yako, kile kifaa cha kupimia chumvi kwa tone la maji ukikitazama kwenye mwanga. Usiishie kuisahihisha kwa maji baridi yasiyo na chumvi peke yake, maana inaweza kusoma sifuri vizuri na bado ikakudanganya kule juu kwenye 35. Pima gramu 36.5 za chumvi ya mezani iliyo kavu, iyeyushe katika gramu 963.5 za maji ya RO, yale yaliyochujwa mpaka hayana chumvi. Tone la maji hayo lazima lisomeke 35. Lisiposoma hivyo, zungusha ile skrubu mpaka lisome. (Maji hayo ni ya rifraktomita tu. Kama unatumia kile kipimo cha kuelea, yatakupotosha.)

Ukikuta 31 kweli, usikimbie kuijaza chumvi kwa siku moja. Maji yanayokauka tangini, badala ya kufidia kwa maji baridi, fidia kwa maji ya chumvi ya 35 mpaka kiwango kipande polepole. Kisizidi 1 kwa siku. Kikifika 35, acha siku mbili, ndipo upime upya magnesiamu. Pima mara mbili, na tazama tarehe kwenye chupa za dawa za kupimia.

Hiyo tarehe naitaja kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili na tangi, kipimo kilinionyesha magnesiamu ndogo. Sikupima chumvi, sikurudia. Nilichukua gramu 400 za chumvi ya Epsom, yaani magnesiamu salfeti, nikazimimina usiku mmoja katika lita 120. Magnesiamu ilipanda kwa zaidi ya 300 kabla ya alfajiri. Asubuhi nikawakuta konokono wamedondoka kutoka kwenye kioo, wamelegea wamelala chali, na sita hawakuamka tena. Baadaye nilijifunza kwamba magnesiamu kloraidi ikiwa nyingi ndiyo wanabiolojia wanayoitumia kuwalegeza konokono na wenzao kabla ya kuwachunguza. Na zile dawa za kupimia zilikuwa zimeshapita muda wake. Huenda maji yangu yalikuwa hayana kasoro yoyote.

Simaanishi kwamba magnesiamu ni kitu cha kupuuza. Unalijua lile gamba jeupe linalojenga ndani ya birika. Maji ya bahari yamebeba kalsiamu na kabonati nyingi kuliko zinavyopaswa kutulia ndani yake, na kinachozizuia zisigande kuwa chokaa ni magnesiamu. Punje ya chokaa ikianza kukua, magnesiamu inajibandika kwenye uso wake, na punje inakwama. Ikipungua kwa kweli, gamba linaota kwenye hita na ndani ya pampu, na alkali unayotia leo kesho huioni. Matumbawe yanabaki bila kitu cha kujengea mifupa yake. Wewe hukuniambia habari ya gamba lolote kwenye hita, nayo ni sababu nyingine ya mimi kutia shaka.

Chumvi ikishakaa sawa na magnesiamu bado iko chini ya 1,250, hapo tumia lile kopo. Tangi lako ni lita 200, lakini ukitoa mawe na mchanga hesabu lita 160 za maji. Gramu 120 za magnesiamu kloraidi pamoja na gramu 15 za chumvi ya Epsom zitapandisha maji hayo kwa karibu 100. Ile Epsom kidogo inasaidia salfeti isiachwe nyuma na kloraidi. Inunue duka la dawa, iwe tupu, isiyo na manukato. Yeyusha vyote katika lita moja ya maji ya RO, ugawe mafungu matatu, utie fungu moja kila jioni pale pampu inaposukuma kwa nguvu, polepole. Siku ya nne pima. Ukiwa kati ya 1,250 na 1,350 umefika. Usihangaike kuitafuta namba moja kamili.

Soma kibandiko cha kopo vizuri. Hesabu yangu ni ya kloraidi yenye maji ndani yake, ile ya heksahaidreti. Iliyokaushwa kabisa ina magnesiamu zaidi ya mara mbili, na hutoa joto kali ukiitia majini. Tena inavuta unyevu vibaya mno, na kwa hewa yetu ya pwani kopo likikaa wazi utakuta uji, na uzito wake hautakuambia kitu. Usiichanganye na dawa ya alkali katika chupa moja, zitaganda. Mtu akikushauri maziwa ya magnesia ya tumbo, kataa, hayo yatarusha pH.

Ikizidi, usitafute dawa ya kuishusha. Badilisha maji kidogo kidogo, basi.

Nakuandikia kwa urefu kwa sababu nayapenda hayo matumbawe yako kama yangu. Tulikua tukisikia baruti za wavuvi zikilia huku Tanga, na baada yake mwamba uliokuwa hai unabaki kifusi. Vipande vyako vilikatwa kwenye tangi la mtu, havikung'olewa baharini, na vimeanza kufungua vinywa. Sitaki vife kwa haraka ya Ijumaa moja.

Mdogo wangu anapanda basi Jumamosi asubuhi kuja Dar, na atapita kwenu. Nimempa chupa ya yale maji ya 35 niliyoyatengeneza mwenyewe, na mizani yangu ndogo ya gramu, maana yako najua ni ile ya unga. Akifika, pimeni pamoja, kisha unipigie unisomee namba hiyo moja tu.

Wako,
Somo