Kufiwa si kufariki

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile habari yenu ya watangazaji wanaoboronga Kiswahili, ambamo mkuu mmoja wa redio alijitetea kwamba lugha hukua. Nasoma gazeti hili tangu nikiwa karani bandarini na sijawahi kuwaandikia. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Mwaka juzi dada yangu alinifia. Tangazo la redioni niliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: mzee fulani wa Pangani AMEFIWA na dada yake. Kijana akasoma "amefariki na dada yake." Binti yangu yuko Morogoro; alilisikia gengeni, anachagua nyanya. Akapiga simu yangu, imezima chaji tangu usiku wa msiba. Akapanda basi. Alfajiri anafika, anaona turubai na viti mbele ya nyumba yangu, akaanguka pale pale mlangoni. Mimi natoka ndani na kikombe cha chai, ananitazama tu, mdomo wazi, sauti haitoki. Wengine walikuja wakiuliza ni ajali gani iliyotuua wawili. Nilipopiga simu kituoni nikajibiwa, "Mzee, si yote ni kifo?" Hapana, si yote! Aliyekufa ni dada, niliyefiwa ni mimi niliyebaki na majonzi. Kufa, kufia, kufiwa: mtoto wa hapa kwetu anazitofautisha kabla hajaanza shule, kwa sababu msibani ndiko anakojua nani apewe pole na nani aombewe dua.

Na hilo "ameweza" nalo! Abiria watatu "wameweza kupoteza maisha." Wameweza nini? Kuna uwezo gani katika kugongwa na lori? Kisha wanasema kazi imefanyika barabara, yaani sawasawa, lakini kwa mkazo wa barabara ya kupita magari. Tuna BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu 1967, na bado haya tunayasikia kila siku.

Ombi langu ni hili. Kabla ya kuingia studio, mtangazaji amsomee matangazo ya vifo mama anayeuza chai getini, kisha amwulize: nani kafa, na nani kabaki? Mama akijibu sawasawa na karatasi, tangazo lisomwe. Akikosea, siku hiyo kipaza sauti apewe mwingine.

Msomaji wenu,
Pangani, Tanga