Waya wa shaba si fyuzi

Ndugu Mhariri,

Nabeba zabibu kutoka Hombolo kwenda Dodoma mjini kwa pikapu yenye tela dogo. Mwezi uliopita taa za tela zilizimika zote usiku, ilhali za gari zinawaka. Fundi mmoja akachomoa fyuzi iliyokatika, akachomeka waya wa shaba. Taa zikawaka, nikamlipa na kumshukuru. Kabla sijafika Ihumwa, nikasikia harufu ya plastiki inaungua.

Fyuzi hukatika ili waya usiungue. Yangu ilikuwa nyekundu, yaani ya ampea 10, kipimo cha umeme inaoweza kupitisha bila kukatika. Ya bluu ni 15, ya njano 20. Kwenye gari langu fyuzi ya tela iko kwenye boksi chini ya boneti, si karibu na usukani, na mchoro wake umo ndani ya kifuniko. Miaka minne nimefunua boneti ile bila kuuona, kwa vumbi! Chanzo chenyewe kilikuwa waya uliochubuka, unagusa chasisi.

Wauza spea nao watuhurumie. Ukiomba ya 10 unapewa ya 30, eti “hii haikatiki, mzee.”

Mkulima wa zabibu,
Hombolo, Dodoma